Picha za Mitaani na Haki ya Nyumba: Jibu Limetafutwa Katika Mlango Usiokuwa Wake



Mzee mmoja wa hapa Bagamoyo, mtu wa safu ya mbele msikitini, alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa na simu ya mjukuu wake mkononi. Katika simu ile mlikuwa na ramani ya intaneti, na katika ramani ile picha ya mtaa wake kama unavyoonekana na mtu anayepita njiani. Ila aliyepita hakuwa mwenda kwa miguu, bali kamera iliyofungwa juu ya gari. Ukuta wa uani kwake, alioujenga kwa matofali hadi usawa wa utosi wa mtu, ulionekana kutoka juu yake. Nyuma ya ukuta ilionekana kamba ya nguo, pipa la maji, na binti yake ameinama anafua, kichwa wazi. Uso ulikuwa umetiwa ukungu. "Maalim," akasema, "huyu ni mwanangu, na kila mtu wa mtaa huu anajua kuwa ni mwanangu. Nifanyeje?"

Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshauliza mahali pawili. Ustadhi mmoja kijana alimjibu kuwa picha za viumbe wenye roho ni haramu, na hii ni picha, basi dhambi ni ya aliyepiga na mzee asubiri malipo Akhera. Mtu mwingine, aliyesoma sheria za serikali, alimjibu kwamba njia ni ya watu wote, na kinachoonekana kutoka njiani hakina mwenyewe. Kama hataki kuonekana na apandishe ukuta. Tumeona tuyajadili majibu haya mawili hapa, kwa sababu tunayasikia kila mahali, na kwa rai yetu yote mawili yamekosea, kila moja kwa njia yake.

La kwanza halituchukulii muda. Mjadala wa picha za kamera ni wa zamani. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuzihalalisha, akiona kuwa kamera inazuia kivuli tu wala haiumbi kitu. Na wapo wanavyuoni wakubwa waliomkatalia mpaka leo. Sasa tuupime mjadala huo kwa jambo la mzee wetu. Tukimfuata Sheikh Bakhit, picha ya binti anayefua kichwa wazi itakuwa halali kwa kuwa ni kivuli tu. Tukiwafuata waliomkatalia, basi kamera ingeingia uani saa ambayo hayumo mtu, ikapiga nguo za ndani zilizoanikwa, godoro la mgonjwa lililotolewa juani na mlango wa choo, na isingekuwa na neno, kwa sababu humo hamna chenye roho. Matokeo yote mawili hayakubaliki kwa mtu mwenye haya. Jambo hili ni la nyumba, na picha ni chombo tu kilichotumika. (Tuseme pia, bila ya kumkejeli ndugu yetu, kwamba yeye ana picha katika kitambulisho chake cha taifa, na sisi tunazo.)

Jibu la pili ndilo zito, maana lina nguvu ya mahakama nyuma yake. Ndivyo lilivyo katika nchi zilikoanzia picha hizi. Kampuni ya Google ilianza kuonyesha picha za barabarani katika ramani zake mwezi Mei 2007, huko Marekani. Mwaka uliofuata mke na mume wa Pittsburgh waliishitaki kwa kuwa gari lake liliingia katika njia yao binafsi na kuipiga picha nyumba yao. Mawakili wa kampuni walijibu, pamoja na mengine, kuwa katika zama hizi za satelaiti hakuna tena faragha kamili, hata jangwani. Mahakama ikaitupa kesi mwaka 2009. Rufaa ya mwaka 2010 ikaendelea kulikataa dai la faragha, lakini ikaruhusu dai la kuingia katika ardhi ya mtu bila ya ruhusa. Na mwishoni mwa mwaka huo kesi ikaisha kwa wenye nyumba kulipwa dola moja. Ndugu msomaji, itazame dola hiyo vizuri. Ni bei ya matairi yaliyokanyaga kokoto zao. Kwa macho yaliyoingia hawakupewa chochote.

Katika Sharia mpangilio ni kinyume chake. Sura ya 24, An-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, imetukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Na kwa nini idhini? Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Saad kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa na chanuo mkononi akijikunia kichwa. Akamwambia kuwa lau angejua kwamba anamtazama angemchoma nalo jichoni, na kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya macho. Mguu wa mtu yule haukuvuka kizingiti, na hata hivyo alihesabiwa kuwa ameingia. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alipofika mlangoni kwa watu hakuukabili mlango, bali alisimama upande wa kulia au wa kushoto, kwa kuwa nyumba za siku zile hazikuwa na mapazia. Wazee wetu wa pwani waliijua Sunna hii bila ya kufungua kitabu. Mgeni hupiga hodi akiwa ameupa mlango ubavu, akasubiri, akarudia mpaka mara tatu, na asipojibiwa huenda zake.

Atasema mwenye hoja kwamba huyo alikuwa mlangoni, na sisi tunazungumzia njia, na njia ni ya wote. Ni kweli ni ya wote. Lakini Mtume (s.a.w.) alipowakuta Sahaba wanapenda kukaa njiani, nao wakamwambia kuwa hawana budi na mabaraza yao, hakuwaambia kuwa njia ni ya wote basi tazameni mpendavyo. Aliwataka waipe njia haki yake, na walipouliza haki hiyo ni ipi, cha kwanza alichokitaja ni kuinamisha macho. Kwa hiyo njia ni mali ya umma iliyofungamanishwa na sharti, na sharti lenyewe ni la macho. Anayechukua ushirika wa njia na kuliacha sharti lake amechukua nusu ya hukumu.

Tuingie sasa katika fiqhi ya dhehebu letu la Imam Shafii, maana wengi wetu tumeisoma Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) lakini hatukuitumia hapa. Masala haya hayamo katika mlango wa picha. Yamo katika kitabu cha Siyal, yaani kumzuia mwenye kushambulia, karibu na masala ya mwizi na mnyama mkali. Humo imesemwa kuwa mtu akiwatazama kwa makusudi wanawake wa mtu ndani ya nyumba yake kupitia tundu, na mwenye nyumba akamrushia kitu chepesi kama kijiwe kikampofua, hakuna dhamana juu yake, kwa masharti yaliyoelezwa. Tunamwomba msomaji asituelewe vibaya: hatumruhusu yeyote kumpiga mawe dereva wala kuvunja kamera ya mtu. Leo utekelezaji wa haki uko mikononi mwa dola. Tunachokitafuta ni uzito wa haki yenyewe. Jicho ambalo diya yake ni nusu ya diya ya mtu mzima limeondolewa dhamana kwa sababu ya kuchungulia.

Na faida kubwa imo katika ufafanuzi wa wanavyuoni, katika Rawdha ya Imam Nawawi mwenyewe na katika sherehe ya Khatib Shirbini. Wamesema kuwa ikiwa mlango umeachwa wazi, au dirisha ni pana, mwenye nyumba hana haki ya kurusha, kwa kuwa yeye mwenyewe amezembea, isipokuwa kama amemwonya mtazamaji naye akaendelea. Ama anayetazama kutoka juu ya sakafu ya nyumba yake, au mwadhini anayetazama kutoka mnarani, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa hukumu yake ni kama ya mwenye kuchungulia katika tundu dogo, kwa sababu mwenye nyumba hakuzembea. Alijenga ukuta wa kumkinga mpita njia, na hakukalifishwa kujenga ukuta wa kumkinga mtu wa mnarani.

Hilo ndilo jawabu la mzee wetu, na limekuwamo katika vitabu vyetu kwa zaidi ya miaka mia saba. Ukuta wake unamzuia kila mtu atembeaye kwa miguu. Kamera za magari hayo kwa kawaida huwa kwenye mlingoti wa kama mita mbili na nusu kutoka ardhini. Hiyo ni mnara unaotembea. Kumwambia apandishe ukuta ni kumgeuzia uzembe mtu ambaye hakuzembea. Na je, mwenye ua wa makuti, ambao ndio ua wa nyumba nyingi za huku kwetu, apandishe nini?

Ndugu zetu wa madhehebu ya Imam Malik wamelichimba jambo hili zaidi, kwa kuwa waliishi katika miji iliyobanana. Katika Mudawwana imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliandikiwa kuhusu chumba cha ghorofani huko Misri, kilicholalamikiwa na jirani. Akaagiza kiwekwe kitanda nyuma ya dirisha, asimame mtu juu yake. Akiona nyumbani kwa jirani basi mwenye chumba azuiliwe, na asipoona aachwe. Imam Sahnun wa Kairouan (aliyefariki mwaka 240 Hijria) naye amepokewa kuwa alizuia kupanda mnara wa msikiti ambao kutoka juu yake nyumba za watu huonekana ndani. Tuzingatie kuwa aliyezuiwa ni mwadhini, mtu wa ibada, anayepanda dakika chache mara tano kwa siku, na huenda hata hatazami.

Linalotushangaza ni kwamba baadhi ya mataifa yasiyokuwa ya Kiislamu yamefika karibu na kitanda cha Sayyidna Umar bila ya kumsoma. Huko Japani, mwaka 2009, watu walilalamika kuwa kamera zinaona juu ya nyua zao, na Google ikakubali kuishusha kamera kwa sentimita 40, kutoka mita 2.45 hadi 2.05, na kupiga picha upya. Nchini Uswisi, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2012 kwamba kwa bustani na nyua zilizozungushiwa uzio kamera isizidi usawa wa mita mbili, ili isionyeshe kile ambacho mpita njia wa kawaida hakioni. Basi anayetuambia kuwa jambo hili haliwezekani kiufundi hana hoja, limeshafanyika.

Wapo watakaosema kuwa tunapinga maslahi ya umma. Hatupingi. Desemba 2011 mafuriko yaliingia Dar es Salaam, watu wakafa na wengine wakahamishiwa Mabwepande, njia ya kuja huku kwetu. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria umewatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora ramani za mitaa kama Tandale ili ijulikane maji yanapita wapi na nyumba zipi ziko hatarini. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya Sharia, na aliyefanya kazi hiyo kwa nia njema ana malipo yake kwa Mola wake. Zanzibar nako visiwa vilipigwa picha za juu kwa ndege zisizo na rubani kuanzia mwaka 2016, na kisha picha za barabarani mnamo 2018 na 2019, kazi iliyowashirikisha wanafunzi wa SUZA. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 nayo imetupa namba za nyumba, na gari la wagonjwa linazihitaji. Lakini kanuni inayohalalisha kwa dharura ndiyo hiyo hiyo inayosema kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mtaro wa maji ya mvua uko usawa wa nyayo. Namba ya nyumba iko juu ya mlango wa mbele. Hatujaona maslahi ya mafuriko wala ya anwani yanayohitaji kuona pipa la kufulia la mtu.

Vilevile hatuna ugomvi na picha ya uso wa nyumba. Milango ya kuchonga ya Bagamoyo ilichongwa itazamwe, na aliyeiagiza alitaka apitaye ajue kuwa humu anakaa mtu. Baraza nayo iko upande wa njia, na mwenye kuikalia amejitokeza mwenyewe; haki yake ni ile ya kuinamishiwa macho, na haifikii haki ya nyumba, kwani mafakihi wameitofautisha nyumba na msikiti na njia. Kwa hiyo hoja yetu haiko mbele ya nyumba. Inaanzia pale pazia lilipo, na inakuwa nzito zaidi kadiri unavyopita ukumbini kwenda uani. Pazia la mlango wetu hupeperushwa na upepo, likafunua kitambo na kurudi. Mpita njia aliyeona kwa bahati hana dhambi, na amehimizwa ageuze uso. Lakini kamera huushika ule upepo.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo wenye kusema "ni sawa na mtu kupita" hawaitaji. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Sayyidna Ali (r.a.) asifuatishe mtazamo kwa mtazamo, kwani wa kwanza ni wake na wa pili si wake. Picha iliyowekwa katika intaneti ni mtazamo wa kwanza uliogeuzwa kuwa wa pili na wa elfu, kwa watu ambao hata hawakupita. Tena tukumbuke kuwa aya ya 58 ya Sura hiyo hiyo ya An-Nur imetaja nyakati tatu ambazo hata watumishi na watoto wa nyumbani hubisha hodi: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Isha. Mpiga picha hutafuta jua, na jua la adhuhuri ni katika nyakati hizo tatu.

Ama ukungu wa usoni, ambao Google imekuwa ikiutia kwa mitambo tangu mwaka 2008, tunaushukuru, lakini umejibu swali jingine. Unamficha mtu kwa asiyemjua. Aliyeko Ulaya hatamtambua binti wa mzee wetu. Atakayemtambua ni jirani, mchumba, mwenye duka la mtaani, kwa nyumba yake, kwa kanga yake na kwa umbo lake, na hao ndio ambao sitara iliwekwa kwa ajili yao.

Watasema kuwa mashine haina makusudi, na mafakihi wameshurutisha makusudi. Tunakubali kuwa gari lililopita mara moja halikumkusudia binti. Ndiyo maana ile kauli ya kuonya kwanza ni ya thamani. Malalamiko ya mwenye nyumba ni onyo. Kabla yake mwenye kamera anaweza kuwa na udhuru. Baada yake, akiiacha picha ilivyo, huyo ametazama kwa makusudi. Na njia ya kuonya ipo: katika ramani hizo pana sehemu ya kuripoti tatizo, na mwenye nyumba anaweza kuomba nyumba nzima ifunikwe ukungu. Ajue tu kwamba ukishatiwa hautolewi. Ujerumani mwaka 2010 kaya zaidi ya 244,000 ziliomba hivyo kabla ya picha kutolewa, na picha zilipopigwa upya mwaka 2023 waliotaka nyumba zao zifunikwe walitakiwa kuomba tena. Kwa upande wa nchi yetu, ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko. Tulimsaidia mzee kutuma ombi lake siku ile ile, kwa simu ya mjukuu, mbele ya msikiti.

Tunapowalaumu wengine hatuwezi kujisahau. Katika harusi zetu mpiga video huingia upande wa wanawake, na kabla ya fungate kwisha picha zimeenea katika simu za vijana. Imamu anayenyamazia hilo kisha akalikemea gari la kamera atasikilizwa kwa shida.

Imebaki masala moja ambayo mzee alituuliza akiwa anaondoka. Nyumba nyingi za hapa zina vyumba sita na wapangaji watano, uani ni mmoja, na mwenye nyumba huenda anakaa Dar es Salaam. Nani mwenye haki ya kuomba? Tulimjibu kuwa hadithi ya chanuo inahusu anayekaa, haihusu hati ya kiwanja, na wanavyuoni wamewaingiza mpangaji na aliyeazimwa nyumba katika haki hii. Kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja anayefua katika uani wa pamoja anaweza kuomba peke yake, bila ya kungoja ridhaa ya mwenye nyumba wala ya wenzake. Ama ikiwa mpangaji mmoja anataka ukungu, na mwingine ana genge mbele ya nyumba hiyo hiyo na anataka wateja walione katika ramani, rai yetu ni kuutanguliza uani kuliko genge. Lakini hatukukuta kauli ya wazi juu ya sura hii, na tungependa maimamu wenzetu watuandikie.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.